White Sox enzi za La Russa: nililipia misimu miwili, haya ndio niliyoyaona

Kila mwaka baridi ikianza kupungua hapa Chicago napata meseji zilezile kutoka kwa Waswahili wenzangu waliohamia karibuni, kaka hivi besiboli inafaa kuangalia, ninunue tiketi za timu gani, na White Sox wakoje. Basi leo naandika yote kwa pamoja, uwanja na chakula na zaidi timu yenyewe, maana ukinunua kifurushi cha tiketi hununui kiti tu, unanunua na akili ya yule anayepanga kikosi. Mimi nilinunua kifurushi misimu ya 2021 na 2022, yaani ile misimu miwili mzee Tony La Russa akiwa kocha mkuu wa White Sox, na mpaka leo nikiikumbuka ile timu moyo unaniuma kabisa.

Nianze na mazuri maana yapo. Uwanja uko South Side mtaa wa 35, unapanda treni ya Red Line unashuka Sox-35th unatembea dakika chache umefika, hakuna habari ya kuhangaika na maegesho. Ulifunguliwa 1991, kipindi ninachozungumzia uliitwa Guaranteed Rate Field, siku hizi ni Rate Field tu. Mwenyeji akipiga homurani, yaani mpira unaovuka ukuta wa uwanja, ule ubao mkubwa wa matokeo unawaka na fataki zinaruka, watoto wanalipenda hilo sana. Chakula nenda moja kwa moja kwenye elotes, ni mahindi ya Kimeksiko, punje zimekatwa zikatiwa kwenye kikombe na siagi, mayonesi, jibini, pilipili na ndimu, yaani mtu aliyekulia mahindi ya kuchoma ya barabarani yenye ndimu na pilipili atajiona yuko kwao. Na wale Wakatoliki, sehemu ya viti namba 140 wameweka picha ya ukumbusho wa Papa Leo wa 14, kwa sababu alikaa pale 2005 kwenye mechi ya kwanza ya fainali, yeye ni mtu wa huku kusini na ni White Sox haswa. Uwanja nyota nne.

Sasa timu. Kwa asiyeujua huu mchezo, kocha mkuu anaitwa meneja, na kazi yake kubwa ni kuamua. Nani aanze leo, nani apige wa kwanza na nani wa tatu, mrushaji atolewe saa ngapi na aingie nani. Mechi ni 162 kwa msimu, 81 nyumbani, karibu kila siku mnacheza, kwa hiyo uamuzi mmoja mbaya unaweza usionekane lakini ukirudiwa wiki sita unaonekana kwenye msimamo wa ligi.

Mwaka 2020 hawa jamaa walikuwa na kikosi ambacho kila mtu mjini alikuwa anakisubiri kwa miaka. Tim Anderson, Eloy Jiménez, Luis Robert, Yoán Moncada, vijana watupu, na juu yao José Abreu ambaye mwaka ule alichukua tuzo ya mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili kubwa za besiboli. Wakarudi kwenye mtoano mara ya kwanza tangu 2008. Meneja alikuwa Rick Renteria, ndiye aliyewalea hao vijana kipindi timu inafungwa kila kukicha, na ghafla akaondolewa. Sawa, tukasema labda wanataka mtu wa kuwafikisha fainali, wakati ule kulikuwa na mameneja wenye mataji ya karibuni hawana kazi. Aliyekuja ni La Russa, miaka 76, hajasimamia timu tangu 2011.

Alirudi kwa sababu ya mmiliki, Jerry Reinsdorf. La Russa alikuwa meneja wa White Sox kuanzia 1979 hadi alipofukuzwa 1986, na Reinsdorf kwa miaka yote amekuwa akisema hadharani kwamba kumwacha afukuzwe lilikuwa kosa analolijutia. Kwa hiyo mtu anasahihisha majuto yake ya miaka thelathini na kitu kwa kutumia timu ya vijana waliokuwa hata hawajazaliwa wakati huo, hiyo ndio iliyotuuma wengi hata kabla ya mechi ya kwanza.

Na nisieleweke vibaya, mzee La Russa ni gwiji. Mataji matatu ya World Series, yaani ile fainali ya ubingwa, Oakland 1989 na St. Louis 2006 na 2011, kwenye jumba la magwiji aliingia 2014. Ule mtindo wa kumwekea mrushaji mmoja raundi ya mwisho tu aje kufunga mechi, kama alivyomtumia Dennis Eckersley pale Oakland, ni yeye aliyeufanya uwe kawaida kila mahali. Juni 2021 akampita John McGraw kwa idadi ya mechi alizoshinda, mbele yake akabaki Connie Mack peke yake. Mtu kama huyu unamheshimu. Lakini heshima ni kitu kimoja na kupanga kikosi cha leo ni kitu kingine jamani.

Mei 2021, mechi na Cincinnati, bado 0-0, wanaingia raundi ya kumi. Sheria mpya ilikuwa imeshawekwa tangu msimu wa nyuma, raundi za ziada kila timu inaanza na mkimbiaji kwenye besi ya pili (besi ni vile vituo anavyovipita mpigaji akizunguka kutafuta pointi), ni yule aliyekuwa wa mwisho kwenye zamu ya kupiga, na kama zamu hiyo ni ya mrushaji unaruhusiwa kumweka aliye kabla yake. La Russa akamwacha Liam Hendriks, mrushaji wake wa kufunga mechi, mtu wa pesa nyingi, asimame kule akimbie, wakati angeweza kumweka Abreu. Wakafungwa 1-0. Baadaye waandishi walipomuuliza ikaonekana hakuijua hiyo sheria, na alikiri mwenyewe. Nampa sifa kwa kukiri, ila sheria ya mchezo unaousimamia kila siku, na benchi zima la wasaidizi, hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza?

Halafu wiki mbili hazijaisha ikaja ile ya Yermín Mercedes. Huyu kijana aliuanza msimu kwa kupiga vizuri mara nane mfululizo kwenye zamu zake nane za kwanza, kitu ambacho hakijawahi kutokea kwenye zama hizi, mji mzima ukampenda. Kule Minnesota timu inaongoza 15-4, wapinzani wameshakata tamaa wamemweka Willians Astudillo, ambaye si mrushaji, anarusha mpira taratibu kama anacheza na mtoto, Mercedes akaupiga homurani. Meneja wake mwenyewe akatoka kumsema mbele ya vyombo vya habari, eti kakosa adabu ya mchezo na hakufuata ishara ya kutopiga. Kesho yake mrushaji wa Minnesota akarusha mpira nyuma ya mgongo wa Mercedes, na La Russa akasema haoni shida. Yaani kijana wako anarushiwa mpira na wewe unasema huoni shida! Anderson alijitokeza wazi kumuunga mkono mwenzake, Lance Lynn naye akasema hizo sheria zisizoandikwa zimeshapita. Mapema Julai Mercedes alikuwa amesharudishwa ligi ya chini. Sisemi kilichomwangusha ni lile tukio peke yake, warushaji walishamsoma, ila mimi tangu siku ile sikumwangalia tena yule mzee kwa jicho lilelile.

Sasa nije kwenye kikosi, hapa ndipo tulipokuwa tunapigizana kelele kila siku kwenye treni ya kurudi nyumbani. Timu ilikuwa imejaa watu wa besi ya kwanza. Abreu yupo, basi Andrew Vaughn ambaye ni wa besi ya kwanza anapelekwa pembeni kushoto, mwaka unaofuata kulia, Gavin Sheets naye wa besi ya kwanza anapelekwa kulia, mipira inawapita inadondoka, mrushaji anabaki kushika kiuno. Huo mzigo kwa haki ni wa meneja mkuu wa usajili Rick Hahn zaidi kuliko La Russa, ni yeye aliyemtoa Nick Madrigal kumchukua Craig Kimbrel kutoka kwa majirani zetu Cubs, Kimbrel akafika huku akawa si yule, akauzwa Los Angeles kabla ya msimu uliofuata kuanza. Carlos Rodón naye wakamwacha aondoke zake San Francisco hivihivi. Lakini kupanga nani apige wa ngapi ni kazi ya meneja, na jina lililotuchosha lilikuwa Leury García. García ni mchezaji wa akiba mzuri, anacheza karibu kila nafasi, na kwenye mtoano wa 2021 alipiga homurani dhidi ya Houston uwanja ulitikisika, siku ile tuliruka wote. Tatizo ni kumpanga juu kwenye orodha ya wapigaji mara kwa mara, zamu nyingi kuliko watu wanaopiga vizuri zaidi yake, na 2022 wastani wake wa kupiga ulikuwa .210, yaani anafanikiwa kama mara mbili tu kwa kila zamu kumi. Mashabiki wanaona, namba zinaonyesha, kesho yake unafungua simu kuangalia kikosi unamkuta palepale. Mzee alikuwa anamwamini, na akishakuamini basi.

2021 walishinda mechi 93 wakaongoza kundi lao, wengine wakasema mnalalamika nini sasa. Tunalalamika kwa sababu kundi lenyewe lilikuwa jepesi, na walipokutana na timu kamili ilionekana. Houston waliwatoa 3-1, mechi ya mwisho 10-1.

Sasa angalieni aliyekaa benchi la Houston. Dusty Baker, miaka 72! Mwaka uliofuata akiwa na 73 akachukua World Series. Jack McKeon alichukua na Florida 2003 akiwa na 72. Ndio maana nikisikia mtu anasema mzee ni mzee aende akapumzike sikubaliani naye, kwetu mzee ni dawa, tatizo halikuwa miaka ya La Russa. Baker aliajiriwa mapema 2020 na timu iliyokuwa kwenye aibu ya udanganyifu, akalazimika kuwashawishi watu, akakaa na wachezaji aliowakuta na idara ya takwimu aliyoikuta. La Russa alipewa kiti na rafiki yake, nani angeweza kumwambia mzee hapa umekosea? Msaidizi hawezi, Hahn ambaye ndiye bosi wake kwenye karatasi hawezi. Akabaki anaamua peke yake na mchezo umebadilika miaka kumi hayupo.

Na 2022 ndio ukawa mwaka wa uchungu. Juni 9, mechi ya mchana na Dodgers wa Los Angeles. Raundi ya sita, Dodgers wanaongoza 7-5, Trea Turner yuko kwenye zamu na ana straiki mbili, yaani imebaki moja tu atoke. Mpira mmoja ukaponyoka, mkimbiaji akasogea besi ya pili. La Russa akaamuru Turner apewe besi ya bure. Ana straiki mbili! Hata kwenye matangazo alisikika shabiki mmoja akimpigia kelele meneja kwamba huyo mtu ana straiki mbili. Akafuata Max Muncy, homurani, mikimbio mitatu, yaani pointi tatu. Mechi ikaisha Dodgers wameshinda 11-9, fanyeni hesabu wenyewe. Baada ya mechi mzee akautetea uamuzi ule kama mtu anayeshangaa kuulizwa. Mwezi uleule uwanja ukaanza kuimba kwa sauti kwamba Tony afukuzwe, na watu wa South Side si wepesi wa kuimba hivyo kwa mtu aliyewahi kuwapa raha, mwaka 1983 timu yake ilishinda kundi na wazee wa hapa bado wanausimulia.

Kuna jambo jingine lilinichoma. Majeruhi walizidi, basi ikatoka habari, na La Russa mwenyewe akaithibitisha, kwamba baadhi ya wachezaji wameambiwa wasikimbie kwa nguvu zote kwenye mipira ya kawaida ili miguu isiumie. Naelewa hofu, Jiménez na Robert na Anderson walikuwa wanaumia kila mara. Ila umelipa tiketi, umembeba mtoto, unamwonyesha mchezaji anatembea kwenda besi ya kwanza, utamfundisha nini?

Mwisho wa Agosti La Russa akakaa pembeni kwa sababu ya moyo, na hapo sote tukanyamaza, afya ya mtu si ushabiki. Miguel Cairo akashika, kwa wiki chache timu ikaonekana imeamka, halafu ikazimika tena. Ikamaliza 81-81, mechi 11 nyuma ya Cleveland, ambao walikuwa na kikosi cha umri mdogo kuliko wote kwenye ligi nzima. Oktoba mzee akatangaza harudi.

Wapo watakaosema mbona baada yake hali ikawa mbaya zaidi. Ni kweli, 2023 walifungwa mechi 101, 2024 wakafungwa 121, rekodi ya zama za kisasa. Lakini wale vijana wa 2020 miaka yao mizuri ilikuwa ile miwili, 2021 na 2022, na imeshapita. Abreu aliondoka, Anderson akashuka, na dirisha likafungwa.

Kwa hiyo alama zangu. Uwanja nyota nne, mahindi nyota tano, timu ya 2021 nyota tatu, 2022 nyota moja, uongozi wa juu siupi hata moja kwa jinsi walivyomleta meneja. Kwa mliouliza kuhusu kifurushi cha msimu, mimi sasa hivi sinunui, nanunua mechi mojamoja za katikati ya wiki, bei inakuwa nafuu na unakaa chini karibu na besi ya tatu bila msongamano. Nendeni na watoto, shukeni 35th, anzieni kwenye mahindi kabla foleni haijawa ndefu. Na kabla ya kulipia angalieni kwanza nani kapangwa kupiga wa kwanza siku hiyo.