Olorgesailie na Magadi kwa 4x4: pa kulala na pa kupita tu

Kwa mwenye gari la 4x4 Nairobi anayetaka kutoka Jumamosi na kurudi Jumapili, barabara ya Magadi ndiyo bora kuliko zote zilizo karibu na jiji. Hell's Gate inaendeka kwa gari dogo kiangazi, na wikendi imejaa watu. Huku kusini unapata joto, vumbi, mchanga wa laga (mto mkavu) na nafasi. Kosa la wageni wengi ni kupanga safari kinyume: wanafululiza hadi Magadi, wanafika saa saba mchana jua likiwaka, kisha wanatafuta pa kupiga hema pasipo na kivuli. Lala Olorgesailie, kambi iliyo njiani, Magadi uende alfajiri.

Barabara yenyewe ni lami kutoka Rongai na Kiserian hadi mji wa Magadi, ingawa baadhi ya sehemu zina mashimo. Mtihani ni mteremko baada ya Corner Baridi, begani mwa milima ya Ngong. Unashuka kutoka zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari hadi takriban 600. Shuka kwa gia ya tatu au ya pili, injini ishike gari, breki uziguse tu. Gari la otomatiki litoe D uliweke 3 au L. Ukinusa breki zinaungua, simama pembeni dakika 15, wala usizimwagie maji, maana sahani ya breki ikipoa ghafla hupinda. Uwe macho pia kwa mbuzi na ng'ombe, hasa jioni wanaporudishwa bomani.

Jaza tangi Rongai au Kiserian, usitegemee mafuta ya mbele. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, kwa sababu lami ya huko chini huyapasha na kipimo hupanda. Na kama gari lako lina kifimbo cha kuchagua 2H (magurudumu mawili), 4H (yote manne) na 4L (yote manne kwa gia nzito za mwendo wa polepole), usitumie 4H kwenye lami kavu. Ekseli za mbele na nyuma hukazana kwa kuwa magurudumu hayazunguki sawa kwenye kona, na kinachoumia ni gia boksi ya pili, ambayo si rahisi kutengeneza.

Olorgesailie iko yapata kilomita 70 kutoka Nairobi, na kona ya kuingia iko upande wa kushoto. Ni kituo cha Makumbusho ya Taifa, na sababu ya kukipa alama za juu ni kwamba unapata mambo mawili kwa safari moja: kambi na mashoka ya mawe. Mashoka hayo yametapakaa pale pale yalipochimbuliwa, mengi kiasi kwamba limejengwa daraja la mbao la kuyatazamia kutoka juu. Watafiti Louis na Mary Leakey walichimba hapa miaka ya 1940, na mashoka ya zamani zaidi yanakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1 na zaidi. Omba mwelekezi akutembeze siku ya kufika, kabla ya saa tatu asubuhi. Baadaye jua hukufanya usisikie maelezo.

Kambi ni ya kawaida kabisa, na hilo ni sifa. Kuna mabanda rahisi kwa asiyetaka hema, sehemu za kupiga hema na vivuli. Hakuna mkahawa, kwa hiyo beba chakula chote. Maji pia beba ya kwako: lita 5 za kunywa kwa mtu kwa siku, na dumu la lita 20 la kuoshea vyombo na kujimwagia. Malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, kwa hiyo yakamilishe ukiwa Kiserian kwenye mtandao mzuri. Banda lina faida wakati wa mvua tu. Nyakati nyingine hema lenye wavu pande zote ni baridi zaidi usiku.

Piga hema mbali kidogo na shina la mgunga. Kivuli chake ni kizuri, ila chini yake miiba imejaa, na mwiba mkavu wa mgunga hutoboa turubai, godoro la upepo na soli ya ndara. Fagia eneo kwanza kwa tawi. Viatu visilale nje, na asubuhi uvikung'ute kabla ya kuvaa kwa sababu ya ng'e. Chakula kifungie garini, si hemani, maana nyani hawabishi hodi.

Miiba hiyo hiyo ndiyo adui mkuu wa matairi. Tairi la akiba moja halitoshi ukitoka nje ya lami. Beba mawili, au moja pamoja na vijiti vya kuzibia pancha na pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye betri. Kijiti huziba tundu la kwenye uso wa tairi unaokanyaga chini. Tundu la ubavuni usilizibe, badilisha tairi. Jeki iwe na ubao wa chini wa sentimita 30 kwa 30, bila huo inadidimia mchangani na gari linabaki palepale.

Kutoka Olorgesailie hadi Magadi ni safari ya asubuhi moja. Ondoka saa kumi na mbili. Mji wa Magadi ni wa kiwanda cha magadi soda, na wageni hujiandikisha langoni. Hutapata mji wa kitalii: reli, mabomba, nyumba za wafanyakazi, halafu mbele yako Ziwa Magadi, uwanda mweupe wenye madoa ya waridi. Kwa anayependa ndege, heroe wapo, japo idadi hubadilika mno kwa misimu.

Chemchemi za moto ziko ncha ya kusini ya ziwa, na njia ya huko ni ya udongo na mawe. Ikiwa kavu, RAV4 au Forester inafika bila shida. Punguza upepo wa matairi hadi psi 25 (kipimo cha upepo), matuta madogo yaliyojipanga kama mbao za kufulia hayatakutingisha sana. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unanata na kujaza mianya ya tairi hadi tairi linakuwa laini tupu, na hapo hata Prado huteleza. Subiri saa kadhaa jua liukaushe, au geuza. Mwenyeji wa kukuongoza anafaa, hasa mara ya kwanza, lakini elewaneni bei kabla hajaingia garini. Maji ya chemchemi yapime kwa mkono kwanza, kwa sababu vidimbwi vinavyopakana havilingani joto. Usifumbue macho ndani yake, na baada ya kutoka jimwagie maji baridi safi, la sivyo ngozi inawasha. Ukitulia utaona samaki wadogo wa jamii ya perege, wanaoishi kwenye maji ya takriban nyuzi 40.

Usiendeshe juu ya ziwa, hata ukikuta alama za matairi. Ganda la magadi huonekana gumu, lakini chini yake mara nyingi kuna tope la chumvi. Palipo kijivu au panapong'aa unyevu ndipo pembamba. Gari likivunja ganda hukaa kwa ekseli, na hakuna mti wa kufungia kamba ya winchi.

Ng'ambo ya ziwa kuna Shompole na Nguruman, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Huko ni kwa magari mawili, si moja, na kwa usiku mmoja zaidi. Mto Ewaso Ng'iro huanzia Mau, hivyo unaweza kujaa wakati kwako mbingu ni safi. Uliza hali ya mto Magadi kabla ya kuendelea. Kwenye mchanga wa laga shuka hadi psi 18, tembea kwa miguu kwanza uone njia, ingia gia ya pili kwenye 4L, na usiguse breki katikati. Kwa magari yasiyo na 4L, zima kidhibiti cha utelezi, kwa sababu hukata nguvu ya injini pale unapoihitaji. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha kukanyaga mafuta mara moja, chimba mbele na nyuma ya tairi, urudi kinyumenyume kwenye alama zako. Kukanyaga zaidi ni kujizika.

Kurudi Nairobi, mlima ule ule sasa unapanda, na injini nyingi huchemka hapo saa tisa alasiri. Zima kiyoyozi, tumia gia ndogo. Sindano ya joto ikipanda, simama ukielekea upepo, injini iendelee kuunguruma taratibu, na kifuniko cha radieta usikifungue. Siku hiyo hiyo au kesho yake osha gari kwa maji mengi safi, hasa chini: fremu, breki na ndani ya matao ya magurudumu. Vijana wa kuosha magari hupiga maji juu tu usipowaambia, na vumbi la magadi likibaki linakula chuma.