Uzoefu Wangu wa Kulipa Bili ya Kadi ya Duka kwa Wakati Hapa Dallas

Tangu mwishoni mwa 2021 ninatumia kadi ya mkopo ya duka moja la samani hapa Dallas, Texas, na katika muda huo nimelipa bili yake kwa kila njia inayokubaliwa: kwa hundi ya posta, kupitia benki yangu mwenyewe, kwa simu, kwenye kaunta ya duka, kwenye tovuti, na hatimaye kwa malipo yanayokatwa moja kwa moja kila mwezi. Ninaandika hasa kwa ajili ya wenzetu wanaofika Marekani bila historia yoyote ya mikopo, kwa sababu kadi ya duka mara nyingi ndiyo ya kwanza mtu kukubaliwa, kama nilivyokubaliwa mimi, na wakati ule hapakuwa na mtu wa kunieleza kwamba kutuma malipo na malipo kufika ni mambo mawili tofauti.

Nilikulia Tanga, ambako kukopa dukani kulikuwa jambo kati yako na mwenye duka. Jina lako liliandikwa kwenye daftari, na ukichelewa siku mbili tatu alikukumbusha ulipopita kununua mkate. Nilipopata kadi hii niliichukulia vivyo hivyo, kwa kuwa ilikuwa na jina la duka kwa mbele. Kumbe deni halimo mikononi mwa duka. Nyuma ya kadi za namna hii kuna benki, na Synchrony, Citibank na Comenity ni miongoni mwa benki zinazozitoa kwa niaba ya maduka mengi. Benki hiyo ndiyo inayopokea malipo, inayotoza riba, na inayopeleka taarifa zako kwenye kampuni tatu zinazotunza historia za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Kabla ya kulipa chochote, geuza kadi na usome jina la benki lililoandikwa kwa maandishi madogo.

Jina hilo ndilo lililonikwamisha mwanzoni. Nilitumia huduma ya benki yangu ya kulipa bili, nikaandika jina la duka kama mpokeaji, na kwa kuwa benki yangu haikumtambua mpokeaji wa jina hilo katika orodha yake ya malipo ya kielektroniki, ilichapisha hundi ya karatasi na kuituma kwa posta. Nilikuwa nimeona fedha zimetoka kwenye akaunti yangu siku ileile, nikaamini nimemaliza. Hundi ilichukua zaidi ya wiki moja kufika. Niliponea kwa siku mbili tu, na tangu hapo ninajua kwamba fedha kutoka kwangu si ushahidi kwamba zimefika kwao. Hundi niliyoituma mwenyewe kwa bahasha na stempu ilikwenda kwa mwendo huohuo. Anayependa njia ya posta aitume angalau siku kumi kabla, aambatanishe kipande cha chini cha bili, na aandike namba ya akaunti ya kadi kwenye hundi yenyewe. Anwani ya malipo ni tofauti na anwani ya barua za kawaida, na zote mbili huchapishwa kwenye bili.

Sheria ya kadi za mkopo ya 2009, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwezi Mei mwaka huo, inampa mteja ulinzi ambao ningependa kila mmoja aujue. Bili lazima itumwe si chini ya siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa, na tarehe hiyo lazima iwe ileile kila mwezi. Malipo yaliyofika hadi saa kumi na moja jioni siku ya mwisho, kwa saa za mahali yanapopokelewa, hayawezi kuhesabiwa kuwa yamechelewa. Tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu ambayo benki haipokei barua, hundi inayofika siku ya kazi inayofuata inahesabiwa imefika kwa wakati. Nafuu hii ya mwisho isikudanganye kama unalipa mtandaoni, kwa sababu benki inayopokea malipo ya mtandaoni hata Jumapili hailazimiki kukuongezea siku kwa njia hiyo. Tovuti ya kadi yangu hupokea malipo ya siku husika hadi saa tano na dakika 59 usiku, lakini kwa saa za Mashariki. Sisi tulio Dallas tuko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo mlango unafungwa saa nne na dakika 59. Nimewahi kulipa saa nne na nusu usiku nikitetemeka, na sitaki kurudia.

Kosa lililonigharimu lilitokea kwenye tovuti, mwezi Machi 2023. Nilikuwa nimefungua akaunti mpya ya benki, nikaiandikisha kwenye tovuti ya kadi: namba ya tarakimu 9 inayotambulisha benki, kisha namba ya akaunti yangu. Katika namba ya pili nilikosea tarakimu moja. Tovuti haikulalamika. Ilinipa namba ya uthibitisho, deni langu kwenye kadi likapungua, nami nikafunga kompyuta siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Siku nne baadaye malipo yalirudishwa, deni likapanda, na juu yake ikawekwa faini ya dola 30. Barua pepe ya kunijulisha ilikuwa imeingia kwenye sanduku la barua taka, kwa kuwa miezi michache nyuma nilikubali kuacha kupokea bili za karatasi bila kuhakikisha kwamba barua za benki zinafika mahali ninapozisoma. Niligundua siku ya kumi na mbili, na kwa bahati nzuri tu, wakati nikitafuta risiti ya kitu kingine.

Nilipiga simu siku hiyohiyo. Nilieleza kosa langu waziwazi, nikalipa papo hapo, kisha nikaomba faini iondolewe kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuchelewa. Mhudumu aliiondoa bila mabishano. Ninasisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunaona aibu kuomba. Faini ya kwanza mara nyingi huondolewa kwa mteja mwenye rekodi nzuri anayepiga simu mapema na kuzungumza kwa adabu. Kilichoniokoa zaidi ni muda: malipo huripotiwa kwenye historia ya mikopo kuwa yamechelewa pale yanapopita siku 30 baada ya tarehe ya mwisho, na doa hilo likishaingia linaweza kukaa miaka 7. Mtu aliyechelewa siku tano anapoteza fedha kidogo. Mtu aliyechelewa siku 35 atakutana na doa hilo anapotafuta nyumba ya kupanga au mkopo wa gari.

Kuhusu kulipa kwa simu, njia hii ni ya haraka na nimeitumia mara tatu. Mfumo wa kubonyeza namba hautozi kitu. Sheria inaruhusu ada pale tu mhudumu mwenyewe anapokuharakishia malipo, kwa hiyo uliza kabla hajaanza.

Njia ya kaunta ya duka nilifundishwa na mama mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Uvira, ambaye hana imani na tovuti yoyote. Kila mwezi humwomba mtu ampeleke dukani na bili yake ya karatasi, analipa fedha taslimu kwa keshia, na anarudi na risiti anayoibana pamoja na bili. Nilipomwambia kwamba ningeweza kumwekea kwenye simu, alinijibu, "Mwanangu, nataka karatasi mkononi." Nilidhani ni ukaidi wa uzee, hadi niliposindikizana naye mara moja. Malipo yake yaliandikwa siku ileile, na keshia alimsomea deni lililobaki kabla hajaondoka. Kwa mtu asiye na akaunti ya benki, au anayelipwa taslimu, hii ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita, mradi aulize kwanza kama duka lake linapokea malipo ya bili ya kadi kwenye kaunta, kwa kuwa si maduka yote yanayofanya hivyo, na asiende siku ya mwisho.

Sasa nije kwenye njia ninayoitumia leo, malipo yanayokatwa moja kwa moja, ambayo ni nzuri kuliko zote lakini ina uchaguzi mmoja usioelezwa vya kutosha. Unapoiwasha, tovuti inakuuliza ukatwe nini: kiwango cha chini ambacho benki inakubali kwa mwezi huo, deni lote la bili ya mwezi huo, au kiasi unachokitaja mwenyewe. Mara ya kwanza nilichagua kiwango cha chini kwa sababu kilionekana salama. Wakati huo, mwaka 2022, tulikuwa tumenunua kochi na vitanda vya watoto kwa dola 1,480, kwa mpango wa kutotozwa riba iwapo deni lote litalipwa ndani ya miezi 12. Kiwango cha chini kilikuwa dola 49. Mke wangu ndiye aliyeketi na bili mezani akapiga hesabu: 49 mara 12 ni 588, kwa hiyo mwisho wa mwaka tungekuwa bado tunadaiwa dola 892, na tungekuwa tumelipa kila mwezi kwa wakati bila kukosa hata siku moja.

Hatari ya mpango wa namna hiyo ni kwamba riba haikufutwa, imesogezwa mbele tu. Benki inaihesabu kimyakimya tangu siku ya ununuzi, kwetu ikiwa asilimia 29.99 kwa mwaka, na deni likibaki hata dola chache baada ya muda kwisha, riba yote ya nyuma inaongezwa kwa mkupuo. Kwetu ingekaribia dola 350. Kwa hiyo bili ya namna hii ina tarehe mbili za mwisho, ile ya kila mwezi na ile ya kumalizika kwa mpango, na kuheshimu ya kwanza hakukulindi dhidi ya ya pili. Tulibadilisha kiasi cha kukatwa kuwa dola 160 tangu mwezi wa tatu wa mpango, na deni likaisha mwezi wake wa kumi na moja. Anayenunua kwa mpango kama huu agawanye bei kwa idadi ya miezi pungufu ya mmoja au miwili, aweke kiasi hicho, na asinunue kitu kingine kwa kadi hiyo hadi amalize, kwa sababu madeni mawili kwenye kadi moja huleta swali la malipo yako yanaelekezwa kwa lipi.

Siku hizi tunanunua vitu vidogo tu, na nimeweka deni lote la bili likatwe siku tano kabla ya tarehe ya mwisho. Ninalipwa mshahara Ijumaa, kila baada ya wiki mbili, na tarehe yangu ya awali ya kulipa bili iliangukia katikati, siku ambazo akaunti huwa karibu kavu. Nilipiga simu, wakaisogeza. Mabadiliko hayo yalianza kutumika bili iliyofuata, na ndivyo ilivyokuwa pia nilipowasha malipo ya moja kwa moja: mwezi wa kwanza hayakufanya kazi, na ilinibidi nilipe kwa mkono. Soma tarehe ya kuanza inayoonyeshwa kwenye tovuti kabla hujatulia. Nimewasha pia ujumbe wa simu wa aina mbili, mmoja unaofika siku saba kabla, mwingine unaofika malipo yanapopokelewa au kurudishwa, na huu wa pili ndio ninaotamani ningekuwa nao Machi 2023.

Baada ya kila malipo ninafanya jambo moja lisilochukua dakika mbili. Siku ya tano ninaingia kwenye akaunti yangu ya benki, si kwenye tovuti ya kadi, na kuangalia kama fedha zimechukuliwa kweli. Kisha ninaandika namba ya uthibitisho na tarehe kwenye daftari dogo ambalo mke wangu analiweka kwenye droo ya jikoni.