Kamera ya Filamu kwa Picha Nyeusi na Nyeupe Mjini Kigoma: Ipi Ununue

Kabla ya kuuliza jina la kamera, uliza hivi: betri ikiisha, shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu) bado inafyatuka? Kamera hizi nyingi zina miaka 40 na zaidi, zinauzwa mtumba, na fundi anayezijua kwa kawaida yuko mbali na Ziwa Tanganyika. Inayotegemea umeme ikizima, imezima. Inayoendeshwa kwa gia na springi tupu itaendelea kupiga. Tumezipanga kwa kigezo hicho kwanza, ndipo tukaangalia lenzi, uzito na bei.

1. Pentax K1000

Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa hiyo bado zipo nyingi. Kasi zake zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, hufanya kazi bila betri. Betri moja ya LR44, ile ya kidonge wanayouza mafundi saa, ni ya kipima mwanga tu. Hiyo 1/1000 ina kazi hapa. Jua la saa sita mchana barabara ya Lumumba, kwa filamu ya ISO 400 (namba ya ISO ni kiasi filamu inavyohisi mwanga), linataka takriban 1/500 kwa f/16 (namba ya f ni uwazi wa lenzi: ikipungua, uwazi unaongezeka). Ukiwa na 1/1000 unaweza kufungua lenzi hadi f/11. Kamera inayoishia 1/500 haikupi nafasi hiyo.

Kipima mwanga hakina swichi. Ukiiacha bila kifuniko cha lenzi, betri inakwisha huku kamera iko mezani. Tena hupima wastani wa kila kinachoonekana. Mtu akisimama chini ya mwembe na nyuma yake barabara inang'aa kwa jua, kamera itaifuata barabara, na uso utatoka giza tupu. Msogelee, pima uso wake peke yake, kisha rudi ulipokuwa bila kugusa vipimo. Kwa ngozi nyeusi funga lenzi hatua moja (yaani mwanga uwe nusu) kutoka kipimo hicho, la sivyo uso utapauka kuwa kijivu. Hilo ndilo kosa linaloharibu picha nyingi za watu huku kwetu, na hakuna kamera ya bei itakayokuepusha nalo.

Lenzi ya milimita 50 inatosha. Kwa soko la Mwanga, ambako huna pa kurudi nyuma, tafuta ya 35 au 28.

2. Nikon FM

Ya 1977 hadi 1982. Shata yake ni ya chuma, na ndani ya kioo cha kutazamia kuna vitaa vyekundu badala ya mshale, hivyo jua likizama unaona kipimo vizuri. Inafyatuka bila betri. Kwa uimara inaishinda Pentax. Bei ndiyo iliyoiweka hapa. Mrithi wake, FM2, hufika 1/4000, na ni ghali zaidi.

3. Olympus Trip 35

Haitumii betri kabisa. Umeme kidogo wa kusogeza mshale wa kipima mwanga hutoka kwenye seleniamu iliyozunguka lenzi, ambayo hugeuza mwanga kuwa umeme. Ni ndogo, haitishi watu, na umbali unaupanga kwa alama za picha. Ila ina kasi mbili tu, 1/40 na 1/200, na mwanga ukipungua inakataa kupiga. Kwa jua kali la ufukweni Kibirizi itumie na filamu ya ISO 125.

Seleniamu huchoka kwa umri. Weka kwenye A (kamera ijipangie yenyewe), elekeza juani, bonyeza: kibendera chekundu kisitokee. Ziba lenzi kwa kiganja, bonyeza tena: sasa kitokee. Kikitokea hata juani, achana nayo.

4. Zenit E

Ya Kisovieti, nzito, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Lenzi yake ya Helios 44-2 ni nzuri kweli. Kasi ni 1/30 hadi 1/500 tu. Lenzi haijifungi yenyewe unapobonyeza, lazima uizungushe kwa mkono kabla ya kupiga. Ukisahau, filamu inaungua kwa mwanga. Kasi panga baada ya kuvuta filamu, si kabla.

5. Canon AE-1

Kamera nzuri, lakini bila betri ya volti 6 (4LR44) haipigi hata picha moja. Inunue ukiwa na betri mbili za akiba. Ikilia kama inakohoa unapobonyeza, inahitaji fundi.

Kabla ya kutoa pesa

Kama muuzaji yuko Dar es Salaam, akutumie video ya haya yote. Afungue mgongo, atoe lenzi kama inatoka, apige kwa kasi ya juu kabisa ya kamera hiyo huku ikielekea angani: uwazi wote uonekane, usibaki ukanda mweusi upande mmoja. Kwa kasi ya chini kabisa shata isikwame njiani. Amulike lenzi kwa tochi ya simu. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, nayo hula kioo. Sponji za mlangoni zikinata kama lami si sababu ya kukataa, hubadilishwa, ila zisipobadilishwa mwanga utapenya na kuacha michirizi. Chumba cha betri chenye ukoga wa kijani ni sababu ya kushusha bei.

Filamu na kusafisha

Anza na Ilford HP5 Plus, filamu ya ISO 400. Juani ipige kama ISO 200 (panga namba hiyo kwenye kamera) na upunguze muda wa kusafisha kwa karibu asilimia 20, vivuli vya miembe vitabaki na kitu ndani. Ongeza filta ya njano, ambayo hula hatua moja ya mwanga, ili anga lisitoke jeupe sawa na kuta za stesheni. Stesheni na bandarini omba ruhusa kwanza.

Kwa ID-11 (dawa ya kusafishia filamu) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, HP5 ya ISO 400 huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20, na karibu 9 kwa nyuzi 24. Maji ya bomba Kigoma mara nyingi ni ya uvuguvugu, kwa hiyo weka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu hadi kipimajoto kishuke kwenye nyuzi unazotaka. Barafu ibaki nje ya chupa, isiingie kwenye dawa. Maji ya kusuuzia nayo yawe ya joto hilohilo.