Duka limeacha Makita, nimebaki na betri nne mkononi

Juni ukungu wa Mafinga hauondoki kabla ya saa nne, na siku ile niliingia dukani vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa nimefuata kaboni za mota ya randa yangu ya umeme, jozi moja tu. Binti wa kaunta akaniamkia, nikamwitikia, nikamwambia anipe zile za siku zote.

"Baba, zile tumeacha."

"Zimeisha au mmeacha?"

"Tumeacha. Hata mashine zake."

Nikageuka kutazama rafu ya kona, pale ambapo kwa miaka yote zilikaa mashine za umeme za Makita, za rangi ile isiyo kijani wala bluu, imesimama katikati. Nikakuta ndoo za rangi ya ukutani, zimepangwa hadi dari.

Jina la duka naliacha. Ni la matawi. Lina tawi Iringa mjini, lina hili letu, lina Makambako na Mbeya, na kote hali ni moja, maana nilipiga simu. Haya ni maoni ya mteja wao wa tangu 2014. Siandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza siku ile ile, nikirudi karakanani mikono mitupu na kijana wangu amekaa juu ya mbao za watu akinisubiri.

Mimi ni seremala. Kazi yangu kubwa ni vitanda, kabati za jikoni na fremu za milango, na mbao yangu kubwa ni paini ya Sao Hill. Mninga naupata mteja akiwa na hela. Sasa paini ina utomvu, na utomvu ukichanganyika na vumbi la mbao hugeuka kuwa uji unaoingia kila tundu la mashine. Randa yangu ni Makita N1900B, ya milimita 82, wati 580, inazunguka mara 16,000 kwa dakika. Niliinunua katika duka hilo hilo. Tangu hapo nimebadilisha mkanda mara tatu, beringi mara mbili, swichi mara moja, na kaboni sikumbuki mara ngapi. Mwili ni ule ule. Mke wangu husema randa ile imeshafanyiwa operesheni nyingi kuliko ukoo wetu mzima.

Kwa asiyejua, kaboni ni vile vipande viwili vyeusi, kila kimoja kama tofali dogo la kuchezea, vinavyosukumwa na springi vigusane na shaba ya amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ili umeme upite. Vimeumbwa viishe vyenyewe ili shaba ipone. Vikiisha nawe ukaendelea kulazimisha, mashine inaanza kutoa cheche za bluu, shaba inaliwa, na amecha inaungua. Hapo sasa umepeleka mashine kwa fundi wa kusuka mota, na ya kusukwa haiwi kama ya mwanzo hata asuke nani. Kwa hiyo jozi ya shilingi elfu nane inalinda mashine ya laki nne na kitu. Na huku kwetu umeme ukiyumba jioni, mota inazunguka polepole, feni yake haipozi, nawe bado unaisukuma kwenye ubao. Kaboni zinakwenda haraka kuliko zinavyoandikwa kwenye karatasi yoyote.

Ndiyo maana nasema lile duka, kwangu, lilikuwa droo.

Chini ya kaunta, upande wa kushoto, kulikuwa na droo pana ya bati yenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino. Kaboni za randa, kaboni za grenda ndogo, za grenda kubwa, mikanda, swichi, vifuniko vya kaboni vile vya kufungua kwa bisibisi bapa, nati ya kukazia jiwe la grenda, ambayo kila fundi huipoteza mara moja kwa mwaka. Aliyekuwa anaisimamia ni kijana mmoja aliyehamia Dodoma baadaye. Ukimpelekea kaboni iliyoisha, hata kama imebaki kama punje ya mahindi, anaigeuza kwenye mwanga, anakwambia ni ya mashine gani, na anaingiza mkono kwenye chumba chake bila kutazama. Wakati mwingine alikuwa anakurudisha: "Fundi, hii bado, ina wiki tatu, rudi mwisho wa mwezi." Duka gani linamfukuza mwenye hela? Kwa sababu hiyo nilinunua kwao drili mwaka 2017, kisha grenda, kisha msumeno wa duara. Mashine zile zile Iringa mjini ningezipata kwa bei pungufu kidogo. Nilikuwa nalipia droo.

Meneja wa tawi nilimwomba anieleze, naye ni mstaarabu, alinivutia kiti. Akaniambia mashine hizi zinalaza mtaji. Kwa bei ya drili moja ya Makita anaweka rafuni tatu za chapa nyingine, na zile tatu zinaondoka wiki hiyo hiyo. Makita inakaa, mafundi wanaizunguka, wanaishika, wanaipima uzito, wanauliza bei, wanaondoka. "Mzee, hata wewe," akasema, "grenda yako ulikuja mara ngapi kabla hujanunua?" Mara tano. Na tuseme ukweli wote: visu vya randa nilikuwa nanunua kwa machinga kwa sababu vilikuwa bei chee, na mawe ya grenda vilevile. Duka linaishi kwa vile vidogo vya kila wiki, nami nilikuwa nawaachia kaboni tu. Kwa hilo sina neno la kumjibu, na sikumjibu.

Lakini nina neno kuhusu namna walivyoacha. Namba yangu ya simu wanayo. Kila sikukuu natumiwa meseji ya bati na saruji, hata Maulidi natumiwa, nami ni Mlutheri. Walipofunga rafu ile, walimalizia mashine kwa bei ya kutupa katika tawi la Mbeya, wiki mbili nzima, na sisi wa Mafinga hatukuambiwa kitu. Nimekuja kujua kwa fundi mwenzangu wa Uyole aliyejipatia sanda, mashine ya kusugulia mbao, kwa nusu bei na akanipigia kunitambia.

Halafu kuna betri. Drili ile ya 2017 ni ya volti 18, mfumo ambao Makita waliuanza mwaka 2005 na mpaka leo wanautoa. Muuzaji wa duka hili ndiye aliyenifundisha: nunua betri mbili na chaja, mashine zinazofuata nunua mwili mtupu, betri ni zile zile. Na ni kweli, ndivyo ilivyo. Nikaingia. Nina betri nne sasa, BL1830, za ampea-saa tatu. Chaja yake inajaza moja kwa dakika 22, kwa hiyo hata siku umeme unapokuja na kuondoka napata kazi. Mbili bado nzima, mbili zimechoka, zinakufa kabla sijamaliza bawaba za kabati moja. Betri za chapa mpya haziingii kwenye mashine zangu, na zangu haziingii kwenye zao. Mtu aliyekushauri uoe akakusindikiza hadi kanisani, siku ya ugomvi anasema hakufahamu.

Chapa mpya waliyoleta siitaji pia, na nataka niitendee haki. Nilinunua drili yao, kwa kuwa kazi haingoji. Kwa bei yake ni nzuri. Ndani ya boksi wameweka jozi ya ziada ya kaboni, jambo ambalo wakubwa wangeiga. Kijana anayeanza, mwenye kazi mbili kwa wiki, aichukue bila kusita. Randa yao ni habari nyingine. Kijana wangu aliiazima kwa jirani tukapitisha ubao wa futi nane, ukatoka na mstari katikati kama mfereji wa maji. Tukarekebisha kisu, mstari ukahamia pembeni. Tukamalizia kwa randa ya mkono, jasho likatutoka kwenye baridi ile. Na nilipouliza dukani kuhusu vipuri, nikajibiwa: ndani ya miezi sita unabadilishiwa mashine nzima, baada ya hapo nunua nyingine. Kwao hiyo ni huduma. Kwangu ina maana droo haitarudi, hata kwa chapa yao wenyewe.

Makita walianzia Nagoya mwaka 1915 kama karakana ya kutengeneza mota zilizoharibika, na randa yao ya kwanza ya umeme ikaja 1958. Miaka 43 ya kufungua na kufunga vitu. Nadhani ndiyo sababu mashine yao inafunguka bila matusi: skrubu zinaonekana, kaboni unazifikia kwa nje. Watu waliowahi kushika mota mbovu za wengine wanajua mahali pa kuweka tundu.

Sasa napata vipi vipuri? Beringi si shida. 608 ni 608, shimo milimita nane, unaipata duka lolote la beringi. Kaboni naagiza Dar, zinakuja kwa basi, naamka usiku kuzipokea stendi, na nauli ya kifurushi wakati mwingine inazidi kifurushi. Betri nilijaribu mara moja kupitia mtu wa mtandaoni. Ilikuja na lebo safi kabisa, BL1830 herufi kwa herufi. Nilipoishika tu, mkono ukakataa, nyepesi. Nikaifungua. Ya kweli ina seli 10, safu mbili za tano tano. Hii ilikuwa na tano, na nafasi iliyobaki wameweka plastiki. Aliyeniuzia simu yake haipatikani. Duka likiwepo, angalau kuna kaunta ya kwenda kuipigia ngumi, na risiti ya EFD yenye tarehe.

Mtu akiniuliza leo aende au asiende, nitamwambia aende. Skrubu zao ni nzuri, hazikatiki vichwa. Gundi ya mbao haijachanganywa maji. Bawaba laini za kabati wanazo aina ambazo hata Iringa mjini sizioni. Wanapakia haraka, na binti wa kaunta ana adabu. Nyota tatu kwa tano kwa hayo. Kwa mashine ya kukulisha miaka kumi, usiende, na kama ulishanunua kwao yenye betri, andika namba ya muuzaji wa Dar leo, kabla haijafa.

Siku ile sikutoka mikono mitupu kabisa, nirekebishe hapo juu. Nilirudi mchana. Nikamwuliza meneja ile droo imekwenda wapi. Ilikuwa stoo, imejaa vumbi, juu yake wamewekea mabomba. Vitu bado vimo. Nikamwambia anipigie bei ya vyote kwa pamoja, akanipa kwa shilingi elfu sabini na droo yenyewe juu, akafurahi kupata nafasi. Kaboni jozi 19, mikanda sita, swichi mbili, nati za grenda sikuzihesabu.

Iko chini ya benchi langu. Nilimwambia kijana asimtajie mtu, lakini Mafinga ni ndogo. Wiki ya pili akaja fundi wa milango wa kule sokoni na kaboni iliyoisha kwenye kiganja, akaja wa Nyololo kwa bodaboda, akaja mwalimu wa chuo cha ufundi na barua ya kuagizia. Siwezi kuwafukuza, wote nawajua. Nawauzia kwa bei ile ile ya zamani, nami nimejikuta naigeuza kaboni kwenye mwanga na kuwaambia hii bado ina wiki tatu.

Za randa zimebaki jozi mbili. Hizo siuzi.