Tuisheni ya insha, Mwanjelwa
Binti yangu wa darasa la sita amemaliza muhula mzima kwenye tuisheni ya insha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Shuleni daftari lilirudi limejaa wino mwekundu, basi. Hapa watoto husimulia kwanza kwa mdomo, wanaandika rasimu, wanasomeana wawili wawili, kisha wanaandika upya. Tahajia huja mwisho. Ndiyo njia aliyoitetea mwalimu wa uandishi Mmarekani, Donald Murray, mwaka 1972, kwamba kuandika ni mchakato.

Rasimu yake ya kwanza: “Tulivuna viazi.” Ya tatu: “Jembe la bibi lilikata kiazi katikati, akasema hicho tutapika leo.” Nilisoma mara mbili, machozi yakanilenga.

Darasa limebanana mno, watoto 40 na mwalimu mmoja. Hata hivyo, muhula ujao namrudisha hapa hapa.