Uzoefu wangu: Kushuka mto South Nahanni kwa mtumbwi

Anayetaka kushuka mto South Nahanni, katika Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada, anaweza kukodi mtumbwi akaenda na wenzake, au kulipia kampuni inayoongoza safari. Mimi nililipia, na kwa kuwa baadhi ya Waswahili wenzangu tunaoishi Kanada wameniuliza kama gharama ile, ambayo si ndogo, inastahili, jibu langu ni ndiyo, ingawa si kwa sababu zilizoandikwa kwenye tangazo.

Tangazo lilisifu mandhari na chakula. Mandhari ni ya Mungu, wala kampuni haina sifa hapo. Nilichonunua hasa ni macho ya kiongozi. Mitumbwi ilikuwa imefunikwa kwa turubai kutoka omo hadi tezi, ikiachwa nafasi ya wapiga kafi wawili tu, lakini turubai halimwambii mtu apite upande gani wa mwamba. Pale panapoitwa Figure Eight, ambapo mto unagonga ukuta wa jabali na kujigawa katika mizunguko miwili ya maji, kiongozi alitusimamisha, akapanda juu kuyatazama maji kwa muda mrefu, kisha akaamua nani apite mtoni na nani apite kwa miguu ukingoni. Hakuna aliyebishana naye, hata wale waliojiona mabingwa.

Sehemu za juu za mto hazina barabara. Tuliruka kutoka Fort Simpson kwa ndege ndogo inayotua majini, baada ya kusubiri mawingu yainuke. Kwa hiyo msikate tiketi za kurudi nyumbani zilizobana.

Maporomoko ya Virginia, ambayo Wadene, wenyeji wa asili wa huko, huyaita Náįlįcho, yana kimo cha zaidi ya mita 90, karibu mara mbili ya Niagara. Mitumbwi, mahema na mapipa ya chakula hubebwa mabegani kuyazunguka, zaidi ya kilomita moja, kwenda na kurudi mpaka mzigo uishe, huku mbu wakijipatia karamu. Tangazo liliyaita hayo “matembezi mafupi”. Chini yake huanza makorongo manne, yaliyohesabiwa na watu waliopanda mto, hivyo msafiri anayeshuka huanza na la nne na kumaliza na la kwanza, lenye kuta zinazozidi mita 1,000, na baada yake chemchemi za moto za Kraus, zinazonuka kiberiti lakini zinazotuliza mabega kuliko dawa yoyote niliyowahi kujipaka.

Kuhusu chakula, niliwaarifu mapema kwamba sili nguruwe, na bado asubuhi ya kwanza kikaango kilikuwa kimejaa nyama yake. Waliniomba radhi na kunipikia maharage, na baadaye walikuwa waangalifu. Wanaoswali wajue pia kwamba mwezi Juni jua huzama baada ya saa tano usiku na giza kamili haliingii, hivyo ni vema kumuuliza mwenye elimu kuhusu Isha kabla ya kuondoka.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kikaango kile na ya hayo “matembezi mafupi”.