Seti ya kusafishia gesi ya magunzi: miezi minane kwenye mashine ya kusaga

Seti hii tuliifunga kati ya tanuru linalogeuza magunzi kuwa gesi na injini ya dizeli inayoendesha mashine yetu ya kusaga mahindi, nje kidogo ya mji wa Iringa. Ina saikloni ya kutenga majivu, mnara ambamo gesi hunyeshewa maji, mapipa mawili ya maranda na chujio la kitambaa. Imefanya kazi yake, kwa sharti moja ambalo muuzaji hakulitamka.

Lami, uchafu mzito unaotoka kwenye magunzi yakiungua, husafiri kama mvuke gesi ikiwa ya moto, na ikipoa huganda kwenye mabomba na valvu. Injini huhitaji gesi yenye lami isiyozidi takriban miligramu 100 kwa mita moja ya ujazo. Tanuru kama letu, ambalo gesi hutokea chini baada ya kupita kwenye makaa mekundu, hutoa kama gramu 1 likiwaka vizuri. Lile ambalo gesi hutokea juu huweza kutoa gramu 50, na mwenye nalo asijisumbue kununua seti hii.

Sharti lenyewe ni ukavu wa magunzi. Mwezi Machi tulitia yaliyonyeshewa, moto ukafifia, lami ikapenya mapipa yote mawili, na fundi alipofungua silinda hedi aliikuta valvu ya kuingizia imenasa, nyeusi, ikinuka kama samaki wa kubanikwa. Tangu hapo, kabla ya kuifungulia injini gesi, tunaweka kitambaa cheupe kwenye bomba la majaribio, uwanjani penye upepo kwa sababu gesi hii ina kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Kikipata madoa ya kahawia, tunaendelea kuichoma gesi nje.

Maranda yaliyolowa lami huanikwa na kurudishwa tanurini, hayasumbui. Kinachokera ni maji ya mnara, ambayo hugeuka meusi na kubeba fenoli, kemikali yenye sumu, ilhali kitabu cha maelekezo kinasema tu yamwagwe mahali salama. Kule kwenye mtambo wa gesi wa Güssing, Austria, gesi ilioshwa kwa dizeli ya mimea, na dizeli iliyochafuka ikachomwa humohumo mtamboni. Mtambo ule ni mkubwa mno kuulinganisha na wetu, lakini angalau aliyeusanifu alijiuliza uchafu utaenda wapi. Sisi tuna kisima karibu, hivyo hatumwagi. Mapipa matano yamefunikwa nyuma ya banda, na muuzaji, kila tukimpigia simu, anaahidi kutuletea jibu.